Indiketa yangu ilimwambia shemeji "pita" wakati mimi nilimwambia "kaa"

Wakuu, poleni na majukumu.

Mimi humu ni msomaji wa miaka mingi. Nasoma, nacheka, naondoka. Leo naandika mwenyewe, na ninayoandika ni kweli tupu. Majina tu ndiyo nimebadilisha, kwa sababu wenyewe wako hai na tunaonana kila Jumapili.

Ni uzi wa taa za gari. Indiketa na taa za breki.

Najua kuna mtu ameshaanza kusema, huyu naye si aende kwa fundi? Fundi yumo. Alinieleza ukweli mapema kabisa na sikumsikia. Nivumilieni nipange mambo.

Mimi ni mtu wa bara, wazee wangu wako Kitui. Nilikuja Mombasa kijana kutafuta kazi, sasa nina mvi. Nafanya kazi ya store kwenye kiwanda kimoja upande wa Bamburi, naishi Utange. Nimeoa Mgiriama, humu nitamwita Dama.

Dama anauza supu ya pweza jioni. Sijisifu kwa sababu si mimi ninayeipika, lakini watu wanamngoja na vikombe vyao mkononi hata sufuria haijafunuliwa.

Pweza tunawafuata mbali kidogo, upande wa Kilifi, kwa sababu huko wanapatikana wakubwa na wabichi. Hiyo ni kazi yangu ya kila Jumamosi asubuhi. Nina wagon kuukuu, buti refu. Pweza wanaingia kwenye ndoo na barafu, ndoo inakaa kona ya kulia ya buti. Kila wiki kona hiyo hiyo, kwa sababu kushoto kulikuwa na jeki na takataka zangu nyingine.

Barafu ikiyeyuka, gari likipanda bump, maji ya ndoo yanaruka kidogo. Maji ya chumvi hayo. Nikifika nyumbani napangusa kwa kitambaa, nafungua madirisha harufu itoke, basi. Sikuwahi hata mara moja kuinua zulia la buti nione chini kuna nini.

Sasa kuna shemeji yangu, kaka yake Dama. Tumwite Karisa.

Karisa alikuwa mkwezi na mgema. Kwa wasiojua kazi hiyo: anapanda minazi ya watu, anaangua nazi na madafu, mingine anaigema tembo, ile pombe ya mnazi. Alikuwa na minazi ya watu watano hapa Utange na mingine Vipingo. Mtu mwembamba, mpole, nyayo ngumu kama ubao. Mnazi mrefu ambao mimi kuutazama tu shingo inauma, yeye alikuwa juu kabla hujamaliza kumsalimia.

Jumamosi tulikuwa tunasafiri pamoja. Yeye na pikipiki yake akichukua nazi Vipingo, mimi na gari nikitoka Kilifi. Tunakutana Vipingo, tunakunywa chai, tunarudi. Mimi mbele, yeye nyuma.

Nyinyi mnaoendesha safari ndefu mnaijua lugha ya indiketa. Aliye mbele akikuwashia ya kushoto, maana yake barabara nyeupe, pita. Akikuwashia ya kulia, kaa hapo hapo, kuna kitu kinakuja. Hiyo hufundishwi driving school popote, lakini nchi nzima tunaiishi. Usiku na mchana watu wanakabidhi roho zao kwa taa ya mtu wasiyemjua.

Sisi tulikuwa tunajuana. Wagon yangu ikijaa, yeye nyuma na pikipiki haoni mbele. Kwa hiyo anapiga honi mara mbili, fupi fupi, maana yake shemeji naomba njia. Mimi natazama, namjibu kwa indiketa. Miaka miwili tulikwenda hivyo bila hata mkwaruzo.

Haya, turudi kwenye taa.

Ukorofi ulianza msimu wa mvua. Siku moja nakanyaga breki naona kile kishale cha kulia kwenye dashboard kinawaka hafifu, na mimi sijawasha indiketa yoyote. Nikiachia breki, kinazima. Nikaona kama ni mchezo.

Wiki iliyofuata indiketa ya kulia ikaanza kupiga haraka haraka. Ile tik, tik, tik ya kawaida ikawa tikitikitiki. Ya kushoto iko sawa. Halafu siku nyingine zote sawa, huwezi kuamini kulikuwa na tatizo.

Hapo nikajifanya daktari.

Nikaingia YouTube. Nikabadilisha balbu za indiketa, nyuma na mbele. Nikatoa fyuzi zote moja moja, nikazitazama kwenye mwanga wa dirisha, nikazirudisha. Nikanunua flasher mpya, kile kidude kinachofanya indiketa ipigepige. Kila nikimaliza, gari likiwa limesimama uani, taa zote zinawaka. Namwita Dama, "Njoo uone mumeo ni fundi." Jumamosi nikitoka barabarani, baada ya bump mbili tatu, tikitikitiki.

Katikati ya hayo balbu ya breki ya kushoto ikaungua. Nikanunua zile za LED kwa muuzaji wa kando ya barabara, zinakuja mbili mbili. Moja ilikuwa nzima, nyingine imekufa kwenye pakiti yake. Nikaweka ile nzima kushoto, kulia nikaacha balbu ya zamani. Taa ya breki ya tatu, ile ya juu ya kioo, ilishakufa tangu ninunue gari na sikuona haja ya kuifufua.

Kumbukeni hilo la LED upande mmoja. Niliona nimepata bahati, kumbe nilikuwa naongeza sumu.

Siku moja nikaenda kwa Fundi Salim, fundi wa umeme wa magari pale Kisauni. Mzee wa Kimvita, hana haraka, ukifika lazima mjuliane hali hadi ya watoto. Nikamweleza. Hakufungua hata boneti. Akanikanyagisha breki, akatazama kile kishale, akatikisa kichwa.

"Ndugu yangu, gari hili halina maradhi ya balbu," akasema. "Hapa earth imekata, na imekata kule nyuma. Niachie siku mbili nifungue buti, niliinue zulia, nimfuate nyoka shimoni mwake."

Nikamwambia siku mbili siwezi, kesho kutwa ni Jumamosi na mama ana supu.

"Basi usilitembeze safari," akasema. "Taa ya nyuma huisemi wewe, inakusemea."

Nikacheka. Nikamshukuru, nikaondoka na gari langu. Moyoni nasema, wazee hawa wa pwani wanapenda kukuza mambo ili gari lilale kwao.

Wakuu, hiyo dharau ndogo ndiyo mzizi. Mimi hata baada ya miaka yote hii Pwani, bado nina ka-tabia ka mtu wa bara kuona mtu anayesema polepole hana la maana.

Wiki hiyo Karisa naye aliniambia, "Shemeji, leo taa zako za nyuma zilikuwa zinanichanganya. Ya kulia kama imekufa." Nikamjibu nitaishughulikia.

Ndipo nikanunua flasher ya pili, eti ile ya kwanza ilikuwa feki.

Jumamosi ya pili yake tukakutana Vipingo. Asubuhi, mawingu, manyunyu ya hapa na pale. Tukakaa kwa mama mmoja, chai na mahamri. Karisa alikula manne, namkumbuka vizuri. Akaniuliza, "Zile taa je?"

Nikamwambia, "Zimepona. Nimeweka flasher mpya."

Naomba mlishike neno hilo, "zimepona". Sikusema nadhani, wala sikumwambia azitazame. Nilimwambia zimepona na yeye akaniamini, akafunga nazi zake, akavaa helmeti, tukaondoka.

Kabla ya Kikambala, mvua ikaanza kushika kidogo. Mimi mbele, mwendo wa wastani. Yeye nyuma. Nikasikia honi, mara mbili, fupi fupi. Anaomba njia, alikuwa na mteja wa nazi anamsubiri Mtwapa.

Nikatazama mbele. Lori la mchanga linakuja, limewasha taa, haliko mbali. Nikamwashia ya kulia. Kaa.

Kwenye dashboard: tikitikitiki.

Nikatazama kioo cha pembeni, namwona anatoka. Anatoka kabisa, anaingia upande wa lori.

Nilichofikiria sekunde ile ni kwamba Karisa amerukwa na akili. Nikapiga honi, nikabana kushoto kabisa hadi tairi zikatoka lami. Yeye alipoliona lori akakata kulia, akavuka barabara nzima, lori likampita kwa nyuma kwa unywele. Akaingia kwenye mtaro wa mawe ng'ambo ile. Lori halikusimama.

Nazi zilikuwa zimetapakaa barabarani zinabingirika. Niliziruka nikimkimbilia.

Alikuwa hai. Pikipiki ilikuwa juu ya mguu wake wa kulia. Mguu kwenye kifundo ulikuwa umetazama upande ambao mguu hautazami. Sitaeleza zaidi.

Neno lake la kwanza, kabla hata ya kulia kwa maumivu: "Shemeji, mbona uliniambia nipite?"

Nikamjibu pale pale, mvua inatunyeshea, "Nilikuwashia ya kulia, Karisa. Ya kulia."

"Ilikuwa kushoto," akasema. "Niliona kushoto."

Tukampeleka hospitali na gari la wasamaria. Vyuma viliwekwa. Daktari akasema mguu umeokoka, ila kifundo hakitakunjika tena. Kwa mtu kama mimi wa kukaa store na karatasi, hilo ni jambo la kuchechemea. Kwa mkwezi, kifundo ndiyo kazi yenyewe.

Sasa nifike pale ambapo sipendi kufika.

Jioni ya siku ile nilirudi kuchukua gari. Nikalipeleka nyumbani, nikaegesha uani, nikawasha indiketa ya kulia, nikazunguka nyuma. Inawaka kulia. Manjano, safi kabisa. Nikajaribu mara tatu. Kulia, kulia, kulia. Nikapumua. Nikajiambia unaona, si wewe.

Gari lilikuwa limesimama, mafundi. Ugonjwa wenyewe ni wa kutikisika, na mimi nililijaribu limesimama. Nililijua hilo, maana tangu mwanzo uani lilikuwa linapona na barabarani linaugua. Sikutaka tu kulikumbuka.

Karisa alipotoka hospitali, mama mkwe akaita kikao kwake. Tulikuwa yeye, Karisa kwenye mkeka na mguu umenyooshwa, Dama, mimi, na wazee wawili wa kanisa. Mama mkwe akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, ulimpa ipi?"

"Nilimpa ya kulia, mama."

"Na wewe Karisa?"

"Niliona kushoto, mama. Sina la kuongeza."

Mmoja wa wazee akauliza kama Karisa asubuhi ile alikuwa ametoka kugema.

Ndiyo, alikuwa ametoka kugema. Alfajiri kila siku hugema. Mgema hata asipoonja tone, nguo zinanuka tembo kwa sababu linammwagikia akishuka. Manesi walisikia harufu hiyo. Mimi nilikuwa nimeketi naye mezani, nimemwona anakula mahamri manne, anahesabu nazi bila kukosea, anafunga kamba kwa mafundo yake matatu. Nilijua hakuwa amelewa kama ninavyojua jina langu.

Nikasema, "Mimi sikumwona akinywa. Lakini hawa wagema, mnajua wenyewe."

Hayo tu. Sikusema amelewa. Niliacha sentensi ijimalizie yenyewe, na ikajimaliza.

Karisa alinitazama. Halafu akaangalia mguu wake.

Kuanzia siku ile akawa mlevi. Utange ni kubwa lakini neno la namna hiyo halihitaji nauli. Wenye minazi wakampa mkwezi mwingine, hilo lilikuwa lazima, lakini hata kazi ya kuwauzia nazi chini, ambayo haihitaji mguu, wakamnyima. Mlevi atakula nazi zetu. Binti ambaye Karisa alikuwa amchumbie, watu wake wakanyamaza.

Na mimi, mkwe mwema, mtu wa maombi, nilimbeba kwenye gari lile lile nikampeleka kanisani akaombewe aache pombe. Alipiga goti moja, mguu ule mwingine ameunyoosha kwa sababu ya kifundo. Mchungaji akamwekea mikono. Niliitikia amina kwa sauti.

Wacha niendelee tu.

Ilipita miezi mitano. Mimi naendelea na pweza wangu, tikitikitiki yangu nimeizoea. Mpaka fyuzi ya taa za breki ikaanza kukatika kila siku. Naweka mpya, inakatika. Askari wakanisimamisha mara mbili. Nikanyoosha mikono, nikarudi kwa Fundi Salim na kumwachia gari siku mbili, zile zile alizoniomba mwanzo.

Siku ya pili nikaenda kulichukua. Akaniambia, "Hebu subiri kwanza uone mwenyewe. Waya iliyokuwa inakata fyuzi nimeifunga. Lakini ule ugonjwa wa kwanza sijautibu, nimekuwekea. Simama nyuma."

Nikasimama nyuma ya gari, hatua kama kumi. Yeye akaingia ndani. Akamwambia fundi mwenzake akae kwenye buti alitikise gari.

"Haya tazama," akasema kutoka ndani. "Nimewasha ya kulia. Waona nini?"

Wakuu, upande wa kulia palikuwa giza. Palikuwa na kijiwekundu kidogo, hafifu, ambacho mchana huwezi kukiona mpaka ukitafute.

Upande wa kushoto, ile LED yangu ilikuwa inapiga. Inawaka, inazima, inawaka, inazima. Kali kabisa.

"Naona kushoto," nikasema.

"Mimi nimewasha kulia," akasema.

"Naona kushoto," nikarudia.

Akashuka, akanifungulia buti. Zulia lilikuwa limeinuliwa. Kona ya kulia, mahali pa ndoo ya pweza, bati lilikuwa limeliwa na kutu hadi linamenyeka kama ganda la kitunguu. Pale kwenye kutu palikuwa na nati moja na kijiwaya cheusi.

Nawaeleza kama alivyonieleza, kwa wasiojua. Umeme ukishawasha balbu lazima urudi kwenye betri, na njia ya kurudi ni bati la gari. Taa zote za nyuma upande wa kulia zilikuwa zinarudi kwa kijiwaya hicho kimoja. Ndiyo earth yenyewe. Chumvi ikaila nati. Gari likisimama, nati inagusa, mambo sawa. Likitikisika, inaachia.

Ikiachia, umeme wa indiketa ya kulia unakosa pa kurudi. Unaingia kinyumenyume kwenye balbu ya breki ya hapo jirani, unafuata waya wa breki hadi upande wa pili, unatokea kwenye taa ya breki ya kushoto. Balbu ya kawaida ingewaka hafifu sana, pengine mtu asingeiona. LED inaridhika na umeme kidogo, kwa hiyo inawaka kama kawaida. Na kile kishale kilichokuwa kinawaka nikikanyaga breki ni ugonjwa huo huo, umeme unatafuta njia. Na kupiga haraka haraka ni gari lenyewe linakuambia taa moja ya upande huu haili umeme wake.

Yaani gari lilisema. Karisa alisema. Salim alisema. Nilikuwa nimezungukwa na wasema kweli.

Ilikuwa nyekundu badala ya manjano, ndiyo. Lakini mtu yuko nyuma ya kioo cha helmeti, mvua inanyesha, ameambiwa taa zimepona, anaona upande wa kushoto kunapiga. Nani ataanza kuchambua rangi?

Nilikaa chini kwenye tairi pale gereji. Salim akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia kuna mtu nimemvunja mguu. Akasema, "Inna lillahi," akaniletea maji.

Sasa mtaniuliza, ukaenda moja kwa moja kumwambia Karisa? Hapana. Nilikaa wiki mbili. Nilikuwa natafuta namna ya kusema ambayo haitanigusa sana. Kwamba ni chumvi. Kwamba ni LED feki. Kwamba hata fundi mwenyewe hangejua, ambao ni uongo, maana alijua kwa kutazama kishale.

Dama ndiye aliyeniona silali. Nikamweleza jikoni anasafisha pweza. Alisikiliza hadi mwisho bila kuacha kazi.

Akaniuliza swali moja. "Ile habari ya wagema, uliisema mbele ya nani?"

Nikawataja.

"Basi utairudisha mbele yao," akasema. "Na mimi nitakuwepo."

Jumapili tukaenda. Wazee wale wawili nikawafuata mwenyewe nyumbani kwao. Karisa tulimkuta nje, anashona makuti. Kwa wageni wa huku, makuti ya kuezekea ni majani ya mnazi, na kuyashona ni kazi ya kukaa chini, kwa kawaida ya kina mama. Yule aliyekuwa akiyakata juu angani sasa anayasubiri chini aletewe na mtu mwingine.

Nilisema yote. Taa, fundi, LED, ndoo, "zimepona". Nikasema nilichoona nyuma ya gari. Halafu nikasema lile la mwisho, ambalo lilikuwa gumu kuliko yote, kwamba asubuhi ile tulikunywa chai pamoja na nilijua hakuwa amelewa, na nilipotamka neno wagema nilikuwa najua ninachofanya.

Wazee walitazama chini. Mama mkwe hakunigombeza, na nilikuwa nimejiandaa kugombezwa. Alimgeukia mwanawe. "Nisamehe, baba," akamwambia. "Mimi ndiye nilokuzaa, ningekujua."

Karisa alikuwa bado ameshika kuti mkononi. Nilitegemea hasira, na wallahi ningeipokea. Akasema polepole, kama anayeniomba radhi yeye:

"Shemeji, mimi nilishakubali."

"Umekubali nini?"

"Kwamba nililewa. Watu wote mnasema, na wewe mtu wa kanisa ndiwe uliyenipeleka nikaombewe. Nimekaa hapa miezi najiuliza siku ile nilikunywa saa ngapi. Sikumbuki kunywa. Nikasema basi, huo ndio ulevi wenyewe, hata kukumbuka hukumbuki."

Halafu akaniuliza, na uso wake ulikuwa wa mtu anayetaka kuhakikisha asije akafurahi bure:

"Kwa hiyo ilikuwa kushoto kweli?"

"Ilikuwa kushoto," nikamwambia. "Uliona sawasawa."

Akaitikia kwa kichwa. Akarudia mwenyewe, taratibu, "Niliona sawasawa." Halafu akalia, na mimi nikalia, na Dama akaingia ndani.

Nilisimama kanisani pia, Jumapili iliyofuata, nikasema. Kuna walionipongeza kwa ujasiri na sikutaka kupongezwa. Wenye minazi wawili wamempa Karisa nazi zao auze. Wale wa binti sijui, sijauliza. Mguu uko vile vile.

Mafunzo niliyopata, wakuu, si mengi.

Ukiona kishale kinawaka ukikanyaga breki, au indiketa inapiga haraka upande mmoja, usinunue kitu. Tafuta earth kwanza. Ukibeba samaki, pweza, barafu au chochote chenye chumvi, inua zulia la buti. Usichanganye LED na balbu za kawaida huku unatibu ugonjwa usioujua. Na usijaribu taa peke yako gari likiwa limesimama. Mtu asimame nyuma, mwingine alitikise, uwashe moja moja na pamoja na breki, na yeye aseme anachoona bila wewe kumwambia umewasha ipi.

Na akisema ameona kushoto, mwamini. Shuka ukaangalie, hata kama una uhakika umewasha kulia.

Hayo mengine ya ulimi hayana fundi. Mguu nilimvunjia kwa uzembe. Akili yake nilimvuruga kwa kusudi, nikiwa nimekaa kwenye kiti cha mama yake, ili nionekane msafi. Hilo la pili ndilo linaloniamsha.

Uwanja ni wenu. Mwenye ujuzi wa umeme wa magari arekebishe nilipokosea kueleza. Aliyewahi kumsingizia mtu akarudi kumsafisha, naomba aniambie ilichukua muda gani hadi yule mtu akaanza tena kuyaamini macho yake. Jana Karisa alikuwa anavuka barabara na mimi pale Utange, barabara nyeupe kabisa, hakuna hata baiskeli, na alisimama akanishika mkono akauliza, "Shemeji, hakuna gari, sivyo?"